Ukurasa Ambao Mjomba Aliuruka

Rwezamenyo, Jumamosi, Machi 1992

Hadi leo sikuwa nimemwambia mtu: hotuba ya mjomba kuhusu kompyuta zinazofikiri niliiandika mimi, kutoka jarida la Kifaransa la maktaba ya shule. Leo, mimi na mama tukiwa ukumbini, aliwasomea wafanyabiashara, wakampigia makofi.

Kisha akaongeza la kwake. "Mashine itafikiri badala yenu. Mabinti wabaki dukani!"

Mama akanigeukia. "Umesikia? Basi shule ya nini?"

Mimi, ambaye hata darasani sinyooshi mkono, nilisimama. "Mjomba, hiyo mashine nani ataifundisha?"

"Kaa chini, kasuku wa vitabu!"

Ukumbi mzima ulicheka. Sikukaa. Nilitoa daftari langu nilimoiandika hotuba, nikasoma kwa sauti ukurasa alioruka: mashine hujua tu kile ilichofundishwa na waliosoma.