Wanawake wa Viazi Ukutani

Mujukuu wangu Furaha,

Huku ng'ambo, Schaerbeek, tuko wazima. Mzee wangu anakohoa kidogo, lakini kulalamikia tramu hajaacha. Uliuliza mbona nimetundika ile gravure, picha ya kale ya wino mweusi, yenye wanawake wa Kizungu wanaochimba viazi, wameinama hata sura hazionekani.

Bon. Nilipokuwa msichana kule Kivu, mpiga picha alipita shambani kwetu. Maman aliweka jembe chini, akanawa miguu, akajifunga kitenge cha kanisani, akasimama wima. Picha hiyo ninayo, na kila nikiitazama naona mgeni. Maman niliyemjua mimi alikuwa ameinama.

Aliyechora wale wanawake hakuwaambia wasimame. Maman ni wa pili kutoka kushoto.

Koko wako