Albamu Waliyoipaka Mafuta

Garland, Jumanne, Novemba 2019

Eti ni sauti ya shetani. Akina mama wa maombi wamekuja leo wakapaka mafuta redio ya binti yangu Neema, kisa albamu mpya ya metali, ule muziki wa magitaa makali na kupiga mayowe.

“Mama Neema, hizi kelele zikibaki, kwaya utaiacha,” Mama Furaha, kiongozi wao, akaniambia.

Naogopa. Hapa ugenini sina ndugu ila kwaya.

Lakini albamu hiyo naipenda mimi mwenyewe. Inagonga kama mashine za kiwandani kwetu, na mwimbaji analia kama mtu aliyefiwa. Ile aliyoileta Neema mwezi uliopita ilikuwa makelele tu.

Nimefuta mafuta kwa kitenge, nikaongeza sauti, Mama Furaha akiwa bado anavaa viatu mlangoni.

Jumapili navaa sare ya kwaya. Anayetaka kunitoa aje anishike mkono.