Swali la Saba la Wateja wa Mama

Mgogoni, Wete,
Pemba.
14 Mei 2025

Kwa mama yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Shikamoo Mama, na Bibi umpe shikamoo yake. Natumai jicho lake linaendelea vizuri na kwamba bandeji imeshatolewa. Sisi huku ni wazima, alhamdulillah. Mdogo wangu Hafiz amemaliza juzuu ya tatu na anadai zawadi kwa kila anayeingia nyumbani.

Lakini Mama, kuna jambo nimekuficha, na Hafiz na rafiki zangu wa darasani pia sijawaambia. Naliandika kwa sababu kwenye simu ya Bibi huwa unaweka sauti kubwa ili Bibi naye asikie, na mimi siwezi kulisema nikisikilizwa na watu wawili. Barua nampa jirani yetu Bi Modester anayesafiri kesho kwa boti kuja Unguja. Nimemwomba akukabidhi mkononi.

Umeniuliza mara mbili kwa nini wanawake wameacha kuagiza singo yako ya kujisugua mwilini. Mara zote nilikwambia ni mvua, maua hayakauki. Si mvua, Mama.

Unaukumbuka ule mwaliko wa jumuiya ya kinamama, kwamba mshauri wa akili mnemba angekuja Wete kukaa na kila mwenye biashara nusu saa. Ulikuwa umeshampeleka Bibi Unguja kutibiwa jicho, ukasema niende mimi ninayesoma, kwani umechoka kujibu simu huku mikono imejaa liwa ya kutilia singo. Karatasi ya maandalizi ilitaka tuandike kazi inayokula muda mwingi, jambo tunalotaka mashine itusaidie, na maswali kumi ambayo wateja huuliza, kwa maneno yao wenyewe. Ulinambia nisikilize sauti wanazokutumia wateja, zilizomo katika simu yako uliyoniachia, ukaniusia niandike maswali nisiandike watu. Nikakujibu nimefahamu.

Siku tatu, nikitoka skuli, nilikaa nyumbani na daftari nikisikiliza. Sikujua kama unabebeshwa yote yale. Wapo wanaouliza bei wakanyamaza, na wapo wanaoanza na singo wakaishia kukueleza mambo ya vyumbani mwao. Hayo niliyaruka, wallahi. Nilichukua maswali tu: singo hukaa muda gani, mwenye chunusi apake, bi harusi aanze siku ngapi kabla. Kazi inayokula muda niliandika ni kujibu yale yale kila siku wakati kinu kinakusubiri. Niliona nimeifanya vizuri.

Swali la saba lilikuwa la Bi Khairiya wa Kiuyu. Alikuuliza kama ngozi ya mwanamke wa miaka hamsini na sita bado inapokea singo, au utakuwa unatwanga maua bure. Akasema amekaa eda, akakaa na miaka sita mingine, na sasa amepata mtu wa kumuuliza umelalaje. Wanawe hajawaambia, atawaambia mwenyewe siku yao ikifika. Akamaliza kwa kusema anataka kunukia, “mie na roho yangu”.

Nilifuta jina lake. Nilifuta Kiuyu, namba ya simu na habari ya wanawe. Kisha nikajaribu kuliandika swali kwa Kiswahili cha skuli: je, singo inafaa kwa watu wenye umri mkubwa? Nikalisoma nikaliona limekufa. Nikalikata, nikarudisha maneno yake, ile ngozi na yale maua, yule mtu wa kumuuliza amelalaje, na mwisho nikaandika mie na roho yangu. Niliyapenda, Mama. Nilitaka na mtu mwengine ayasome na aone yalivyoandikwa.

Mshauri tuliyemkuta ukumbini Wete alikuwa kijana wa bara, Bwana Nehemia, mpole, anayeamkia kila mtu. Kabla ya kuanza kumwita mmoja mmoja alipitia karatasi za wote. Wengi walikuwa wameandika mstari mmoja, na mama mmoja alileta karatasi tupu akasema yake yamo kichwani, aulizwe. Akainua zangu akasema haya ndiyo maandalizi, mashine hujifunza kujibu kwa mifano kama hii. Akaniomba ruhusa azitumie kuwafundishia wote. Unanijua mimi, hata darasani sinyanyui mkono. Sijawahi kusifiwa mbele ya watu. Nikaitikia kwa kichwa.

Akazitia kwenye skrini, akasoma swali moja baada ya jingine. Akafika la saba, akalisoma lote. Halafu muuza achari mmoja wa Kiuyu akapiga kofi pajani.

“Mie na roho yangu! Huyo si mwengine, huyo Khairiya!”

Mwengine akadakia, “Kumbe mwenzetu yuko mbioni, na sisi twamwonea huruma!”

Wa tatu akauliza kama Hamdan, mwanawe mkubwa, keshapewa habari ya baba mpya. Ukumbi mzima ukacheka. Bwana Nehemia naye akatabasamu, akauliza kimechekesha nini, na hakuna aliyemwambia.

Mimi sikujua, Mama, kwamba Kiuyu nzima inamjua Bi Khairiya kwa neno hilo, hata watoto wanamwita hivyo akipita. Mimi nilimjua kwa sauti tu.

Siku hiyo hiyo, kabla ya Magharibi, Hamdan alikuwa ameshasikia. Aliulizia mpaka akamjua mchumba, Mzee Ngwali wa Chokocho, akamfuata akamuuliza mbele ya watu kwa nini anamwendea mama yake kwa siri kama mwizi. Mzee Ngwali hakugombana naye. Alisema hawezi kuoa katika nyumba inayomkataa, na asubuhi yake akajitoa. Kinamama nao wanaambizana wasikutumie sauti tena, kwani keshokutwa mtu atajisikia anasomwa ukumbini. Ndiyo maana simu yako imenyamaza.

Sasa nakwambia lile lililonizuia kulala. Kicheko kilipokwisha, mwenyekiti wa jumuiya alinigeukia akaniuliza, mbele ya wote, kama karatasi ile ni wewe, Mama, uliyeiandika. Niliona macho yote yananitazama. Nikasema ndiyo, ameandika Mama, mimi nimetumwa kuileta. Wameniamini, kwa sababu mimi ni mtoto na huwa sisemi sana. Wewe uliyeniusia ndiye unayelaumiwa, na mimi wiki tatu nimekuacha ulaumiwe huku nikikuzungumzia mvua.

Jumamosi nilikwenda Kiuyu peke yangu. Bi Khairiya alikuwa uani anamenya muhogo. Nilimwambia nani aliyesikiliza sauti yake, nani aliyeiandika, na kwamba wewe hukujua. Nilimwambia pia kuwa niliacha maneno yake kwa sababu niliyaona mazuri. Alimenya muhogo mwengine mpaka mwisho. Akaniuliza kama singo yake ilikuwa imeshatwangwa. Nikasema bado, maua yamo kwenye ungo. Akasema basi yasitwangwe. Nilimwomba radhi, akanambia leo hana la kunambia, niende mvua isije ikanikuta njiani.

Kutoka hapo nilikwenda kwa mwenyekiti, nikamwomba anikusanyie wale wale waliokuwapo ukumbini. Walikuja jana, si wote, kumi na moja. Nilisimama nikasema mama yangu hakuandika hata neno moja, ni mimi, na nilisema uongo. Muuza achari aliinama. Mwengine akasema bora ningenyamaza tu. Nilimaliza, nikakaa. Bwana Nehemia nimemwandikia afute karatasi zetu, amejibu amezifuta. Na Hamdan nimemwandikia barua, nimempa mkewe ampelekee, kwa kuwa mbele yake sikuweza.

Mpe Bibi mkono wangu, na umwambie Hafiz anamwekea ndizi zake mbivu. Simu nimeizima, nimeiweka kwenye sanduku lako mpaka urudi. Ukitaka kunigombeza, nigombeze kwa barua, nitaisoma yote.

Ni mimi mwanao,
Laila