Mchumba na Kamba Mawe

Jumapili

Mashavu bado yananiwaka. Rashidi, yule aliyeleta posa, amekuja kwetu Kuze kula chakula cha mchana, na Mama akampikia kamba mawe wazima, wa kupaka kwa tui la nazi.

Kwanza akauliza magando yako wapi. Na huyu amezaliwa Mombasa! Kamba wetu tangu lini akawa na magando kama kaa?

Kisha akamgeukia Bibi, ambaye alikuwa amekwisha kumvunja kamba wake kiunoni kwa mikono, akachomoa nyama ya mkia nzima nzima, na sasa anafyonza miguu.

"Bibi, huyo haliwi hivyo. Kuna kisu na uma. Miguu na kichwa hutupwa."

"Ndivyo, mwanangu?" Bibi akasema, akaendelea kufyonza.

Huyo bingwa akashika kisu, akalikandamiza gamba. Mkia ukateleza, ukaruka na mchuzi wake hadi kifuani pa Bibi, kwenye leso mpya aliyoivaa kwa heshima ya mgeni. Rashidi akacheka. Akacheka mpaka akajifuta machozi! Neno samahani halikumtoka. Nililisema mimi.

Alipoondoka, Mama akaniuliza, "Sasa watu wake tuwajibu nini?"

Nikasema hapana. Baba amenuna, hajagusa chakula cha usiku. Nimepita miaka thelathini, na sijui kama mwingine atakuja. Naogopa, sikatai.

Lakini pale mezani nilijiona nimeketi kando yake hadi uzeeni, kila siku nikiwaomba watu radhi kwa niaba yake.