Kilichoharibika ni Kichwa cha Santuri

Gitega, Kigali

Mdogo wangu Mwajuma,

Salamu zikufikie wewe, shemeji na watoto, na miguu ya mama iwe imepungua kuvimba. Mimi mzima. Narudia, mzima, maana barua yako nimeipata kwa mkono wa dereva wa dagaa, nikasoma kwamba umelia, umefunga mizigo, unakuja kumchukua kaka yako aliyeharibika kichwa.

Mwajuma, sikiliza. Kilichoharibika ni kichwa cha santuri.

Ile niliyouziwa na Mbelgiji aliyekuwa anarudi kwao. Kigali nzima hakuna ya pili, anayebisha aje. Unapanga sahani sita za muziki, unabonyeza, unakaa na chai yako. Yenyewe inaangusha sahani, yenyewe inanyanyua mkono na kushusha sindano taratibu kama bibi harusi anayekanyaga jamvi, ikimaliza inajizima. Siku moja nilifungua dirisha, mbuzi wa jirani wakaacha majani, wakalala chini kusikiliza. Haki ya Mungu.

Sasa mwisho wa ule mkono pana kichwa, ndicho kinachoshika sindano. Kikafa. Sahani zinazunguka, sauti hakuna. Nikamwambia Mzee Saidi, mshonaji mwenzangu, awaagize madereva wa Bujumbura: "Kichwa changu kimeharibika, wanitafutie kingine." Saidi akamwambia huyu, huyu akamwambia yule, na nadhani ndivyo habari ilivyovuka mpaka kwenu Ujiji.

Huku nako, Ijumaa baada ya sala nyumba ilijaa. Shehe kaja na maji ya dua kwenye chupa, Mama Zubeda jirani kaja na uji, akaniuliza:

"Pole mzee. Kichwa iko inauma, ama iko inazunguka tu?"

"Kichwa hakizunguki," nikamwambia. "Zinazozunguka ni sahani."

Akamgeukia shehe. "Yewe, imefika mbali."

Ningeweza kuwaonyesha mashine palepale. Lakini tangu tumzike mke wangu Mariamu, mlangoni pangu viatu ni vyangu tu. Siku ile vilikuwa vimepandana mpaka barazani. Nikanywa dua, nikamaliza uji.

Walipoondoka nikabonyeza mashine, nitazame tu inavyonyanyua mkono. Inajifanyia yote, ila kugeuza sahani upande wa pili haiwezi. Kazi hiyo ilikuwa ya Mariamu, mimi nilikuwa bwana wa kubonyeza. Alipoondoka yeye, hata kichwa kilipokuwa kizima, nilikuwa nasikia upande mmoja tu.

Ningekuacha uje ukiamini hivyo hivyo, lakini sitaki ulie njia nzima juu ya lori. Kichwa changu kimetulia kuliko vyote vya Gitega.

Msalimie mama, shemeji fundi baiskeli, na shangazi yetu muuza mawese. Watoto waambie mjomba wao huku bado hajapata wa kushindana naye.

Na ile mizigo, Mwajuma, usiifungue. Njoo tu.

Kaka yako,
Hamisi, mshonaji wa suti