Da Rukia Amtunza Mwairishi

Wifi yangu Zuhura,

Mzima wewe? Baridi ya London inachoma kuliko maneno ya wifi, nami wifi yako najua ninachosema.

Jana dada yangu Rukia alinipeleka kwenye ukumbi wa Waairishi, karibu na kwake Kilburn. Mzee mmoja aliimba kafumba macho, analilia nyumba ya wazee wake Ayalandi na ndugu waliobaki wakiota moto wake. Watu wanapangusa machozi. Kumbe mwenyewe kazaliwa mtaa wa pili hapa hapa! Ayalandi kaenda mara moja, karudi analalamikia mvua.

Mimi bado nacheka, Da Rukia huyo kainuka. Akaenda mbele kwa madaha kama yuko kwenye taarabu Unguja, akamtunza mzee noti na kigelegele juu. Mzee akauliza kakosa nini.

Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza: kwetu mtu hatunzi bure, akitunza ujue wimbo umempasha mtu aliyemo humu ndani. Basi Waairishi wakaanza kutazamana kwa jicho la pembeni! Bibi mmoja akafungua mkoba, akaenda kutunza huku kamkodolea shoga yake macho.

Nikiwa mbavu sina, nikamwuliza Da Rukia, "Na wewe ulikuwa unampasha nani?"

"Wewe," akasema, "uliyebaki nyumbani, unayelala kwenye kitanda cha marehemu mama."

Nisalimie kaka, na watoto uwabusu wote. Na vile vitu vyangu vitoeni chumbani kwa mama, msingoje nirudi.

Wifi yako akupendaye,
Mwanaidi