Wastani wa Sifuri

Dada yangu,

Sisi wazima. Kompyuta ya idara ya fizikia bado inanguruma kama mashine ya kusaga. Ndani yake nimetandaza uga wa kwanta, wavu wa nukta elfu nne. Kila nukta hufuata jirani zake, ikielekea juu au chini. Wiki nzima wastani ulitoka sifuri, nikaandika kwa mbwembwe kwamba ulinganifu haujavunjika, yaani nukta hazijachagua upande. Kumbe zote zilikuwa zinaegemea juu, baadaye zote chini, nami najumlisha tu! Profesa alicheka mpaka akavua miwani. “Zipe msukumo mdogo,” akasema, “zitatulia upande mmoja.”

Hukuja kumzika mama. Asubuhi nakusamehe, jioni sikusamehe. Usidhani sijali.

Nipigie simu, hata ukikosa la kusema.

Mdogo wako